Mihina ya Jirani

Nimemwonea wivu jirani yangu kwa miaka mingi, na kama kuna anayengoja niseme kwamba sasa nimeacha, atangoja sana. Watu wengine huona wivu kwa nyumba ya ghorofa, au gari, au mume wa mtu. Wivu wangu mimi ulianzia kwenye ua wa mihina, na nusu ya mihina hiyo ilikuwa imeegemea upande wangu.

Jina lake silitaji. Hapa mtaani kwetu Amani kila mtu anamjua, na mimi mwenyewe tangu tulipohamia sikuwahi kumwita kwa jina. Nilimwita Jirani, naye akaniita Mama Salha kwa jina la mwanangu, na kwa majina hayo mawili tuliazimana chumvi, tukapelekeana futari, tukazikiana watu wetu. Yeye ni mkubwa kwangu, kwa hiyo kila asubuhi nikitoka kwenda dukani nilimwamkia, "Shikamoo, Jirani." Naye hujibu "Marahaba" bila ya kugeuka, uso wake uko ndani ya majani na mkasi uko mkononi. Mgeni angedhani ana kiburi. Kiburi alikuwa nacho pia, lakini pale alikuwa anakata tu.

Ua wenyewe ulianzia barabarani ukaja mpaka uwani, ukitenga nyumba yake na yangu. Ulikuwa mhina mtupu, majani madogo madogo yaliyobanana, mjusi akiingia humwoni tena. Urefu wake ulifika kifuani. Hilo nalo alilipanga. "Ua ukizidi hapa watu hawaonani," aliniambia, akiweka kiganja juu ya majani, "na ukipungua hapa wanaonana mno." Kwa hiyo niliweza kumwona uso kila siku ya maisha yangu, lakini sikuweza kuona alichokuwa akipika.

Alikuwa na sheria zake, na sheria hizo alimwambia hata asiyeuliza. Panga lisiguse mhina. "Panga la nazi," alisema, na kama yuko anayepita na panga lake humtazama mpaka akapotea. Yeye alikata kwa mkasi mkubwa wa fundi cherehani, kwa sababu zamani alishona sare za skuli, na macho yalipoanza kumsumbua cherehani ikaenda, mkasi ukabaki. Alikata chini pawe papana na juu pawe pembamba, kidogo tu, huoni mpaka uambiwe. Wengi hukata kinyume, juu pananenepa, chini panakosa jua, panakauka, kisha kuku wanapita watakavyo. "Jua lishuke mpaka miguuni," alisema. "Kwani wewe ukioga unaoga kichwa tu?" Na alikata kidogo kidogo, kila siku, hakungoja ua utoe vichwa ndipo ashtuke. Akianzia barabarani leo, kesho amesogea, na akifika uwani anarudi kuanza upya.

Mimi narudi zangu kutoka dukani, nimechoka, mabega yananiuma kwa kubeba majora ya vitambaa, naukuta ua ule umenyooka kutoka mwanzo mpaka mwisho, na roho inanisononeka. Watu walikuwa wakisimama barabarani kuutazama. "Mashaallah, ua wa nani huu?" Hakuna aliyewahi kusimama mbele ya mlango wangu akauliza lolote.

Kuazima alikuwa anaazima kila kitu, kinu, mbuzi ya kukunia nazi, hata kanga zake za ndani ya sanduku. Mkasi ule hakumwazima mtu. Ukianza kuwa butu aliufunga kwenye kitambaa akaenda nao mjini, Mkunazini, kwa mzee mmoja wa kunoa visu ambaye yeye peke yake alimwamini. Siku moja nilifuatana naye. Tulipita mbele ya hoteli yenye ua wa mbele uliokatwa mraba, nami nikasema ni mzuri, nikitaka tu kumwudhi. Jirani akasimama. Akatia mkono kwenye vyuma vya uzio, akafunua majani, ndani pakaonekana vijiti vitupu, vikavu. Akamwita askari wa mlangoni.

"Ua huu kakata nani?"

"Fundi, bibi."

"Fundi wa nini?"

Jirani akaenda zake, na mpaka tunafika kwa mnoaji alikuwa bado anatikisa kichwa, na mzee wa watu naye akalazimika kuhadithiwa.

Ndani kwake, Mungu anisamehe, hakukuwa na pa kuweka mguu. Nilikwenda mara ya kwanza kumpa pole ya homa, nikakuta vikombe juu ya kitanda, nguo juu ya meza ya chakula, mchele umemwagika na umekanyagwa. Mtu ambaye nje hakubali jani moja litokeze, ndani alikuwa akiishi kama aliyehamia jana. Sikumwambia mtu, lakini siku ile nilirudi nyumbani nimechangamka, nikapika biriani katikati ya wiki. Mume wangu akauliza kuna nini. Nikamwambia hakuna kitu, kula.

Alikuwa na mpwa wake Muscat, kijana mwenye mapenzi naye, akampelekea fundi mwashi ili ua ule ung'olewe ujengwe ukuta wa matofali na geti la chuma, kama nyumba nyingi siku hizi. Nilimwona fundi akipima kwa kamba, nikamwomba Mola wangu kimoyomoyo amfanyie wepesi kijana yule. Jirani alitoka na mkasi wake, akaikata kamba ya fundi vipande, akavikusanya, akampa mkononi. Ukuta haukujengwa. Mimi nilikuwa nimeshachagua hata rangi ya upande wangu.

Aliolewa mara tatu. Mara mbili aliachwa, ya tatu alidai talaka mwenyewe. Wanawake wa mtaani walipenda kusema kwamba hina ikikolea sana mikononi mwa bibi harusi, basi atapendwa na mumewe. Jirani alikuwa akicheka mpaka akakohoa. "Yangu mimi ilikolea mara zote tatu," alisema. "Nyeusi hasa. Ingekuwa kweli, leo nna waume watatu ndani, na wote wanataka chai." Kisha huyo huyo, akiletewa bibi harusi aliyetiwa hina yake, alimshika kiganja, akakigeuza huku na huku kwenye mwanga, na kama rangi haikukolea alinuna siku nzima.

Hina hiyo hakuiuza. Wakati wa joto la kaskazi, ardhi imekauka, ndipo alipochuma. Alianika majani kivulini juu ya jamvi, akatwanga, akachekecha kwa mtandio mwepesi, akatia kwenye chupa. Bibi harusi yeyote wa mtaani alipewa, wa kwetu au wa watu wa bara, hata binti mmoja Mkristo wa nyumba za nyuma, ambaye kwao hawatii hina, alisema anaipenda tu, akatiwa. Waliokuja kuuliza piko aliwafukuza. "Piko rangi ya nywele hiyo," alisema. "Nenda kapake kichwani." Na majani ya masika hakuyataka kabisa. Alisema yameshiba maji, yana kijani lakini hayana kitu.

Majani alitoa, ila kijiti cha kupanda hakumpa mtu. Wanawake waliomba wakachoka. Hoteli moja ya Kendwa ilimtuma mtu wake wa bustani na gari, akarudi na gari tupu. "Nikimpa mtu kijiti nimempa na kazi," alisema. "Kazi ikimshinda ananilaumu mimi."

Mhina unaokatwa kila siku hauchanui. Ua wa Jirani kwa hiyo haukuwa na maua, isipokuwa mwisho wake wa uwani, karibu na dirisha la chumba cha Salha. Hapo alipaacha pakaota ovyo, pakapanda juu, pakatoa maua madogo meupe, na jioni harufu yake iliingia ndani mpaka kwenye mito. Mimi nilidhani ananidharau, kwamba upande wake ananyoosha na upande wangu anaacha kichaka. Nilimwambia kwa adabu, "Jirani, hapa umepasahau."

"Sikupasahau," akasema. "Mwanao anapenda harufu."

Mimi mama yake sikuwa najua kwamba anapenda harufu ya mhina. Nilikuwa nikimnunulia asumini kila Ijumaa.

Hapa sasa ndipo penye kidonda changu. Nilikuwa nauza vitambaa Darajani, natoka asubuhi, narudi magharibi. Salha akitoka skuli alikuta mlango wetu umefungwa, basi alikwenda kwa Jirani. Katikati ya ua, mahali pamoja, Jirani alikata matawi ya chini pakawa na njia ya kupita mtoto. Mtoto alivyokua, na njia ikakuzwa. Mtu ambaye hakuruhusu hata kuku apenye pale, alitoboa ua wake kwa mkono wake kwa ajili ya mwanangu. Nikirudi, nikiuliza Salha yuko wapi, baba yake hunyoosha kidevu tu, nami nasikia kicheko chao kutoka ng'ambo ya majani. Nikiita, Salha huitika "Naam, mama," na huja mara moja, hana matata. Lakini kicheko hakuja nacho. Akifika kwangu alikuwa mtoto mwema, mtulivu, anashika ufagio bila ya kuambiwa.

"Mlikuwa mkicheka nini?" nilimuuliza.

"Hamna, mama."

"Watu hawacheki hamna."

"Jirani tu na maneno yake."

Maneno gani, sikuambiwa. Nilikuwa nikijaribu kumchekesha mimi. Nilimsimulia vituko vya wateja wa dukani, yule anayepima kitambaa kwa pua yake, yule anayebishana kwa saa nzima kisha ananunua uzi. Alitabasamu kwa heshima. Nikaona bora ninyamaze.

Kwetu binti akivunja ungo, mama yake si wa kumfundisha. Hutafutiwa somo, mwanamke wa heshima, ambaye atamwambia mambo ya usafi na ya utu uzima, na ndiye atakayekaa naye siku ya harusi. Mama na binti hustahiana. Desturi hiyo sikuipanga mimi, na mama yangu naye hakuniambia kitu, nilikuwa na somo wangu. Kazi hiyo nilikuwa nimemwandalia wifi yangu, mtu wa dini, nimeshaongea naye, na doti ya zawadi iko kabatini. Basi siku moja Jirani akaniita kwenye ua, na mkasi ameushusha, jambo ambalo si kawaida yake.

"Mama Salha, mwanao kesha kuwa mkubwa."

"Tangu lini?"

"Tangu juzi. Nshamwambia ya kumwambia. Alikuwa na khofu, nsingeweza kumngojesha."

"Nilikuwa na mtu wa kumwambia."

"Nnajua. Lakini alikuja kwangu."

Alisema kwa upole, na upole ule ndio ulionichoma. Angejigamba ningempa yake. Nilimshukuru, nikampelekea ile doti iliyokuwa ya wifi yangu, kwa sababu desturi ni desturi, na wifi yangu hajazungumza nami vizuri mpaka leo. Tangu siku hiyo Salha akawa anamwita Somo.

Ndipo nikaamua kupanda mihina yangu. Niliona haiwezekani siku ya harusi ya mwanangu somo awe yeye, na hina nayo iwe yake. Kitu kimoja lazima kiwe changu. Nilikwenda kumwomba vijiti nikijua atakataa, na maneno ya kumjibu nimeshayapanga. Hakukataa. Alikata vijiti vya unene wa kalamu, akavifunga kwenye kitambaa kibichi, akanipa juu ya ua.

"Uvipande penye jua," alisema. "Vikishika, visahau."

Mimi si mtu wa kusahau. Nilivipanda mbele ya nyumba, upande wa barabara, watu waone. Nilitia samadi ya mbuzi. Nilimwagilia asubuhi kabla ya duka, na jioni kabla ya kuvua buibui. Maji ya bomba yakikatika, sisi ndani tunaoga kwa kopo, mihina inapewa ndoo. Ikaota, wallahi, ikaota kwa kasi ambayo ya Jirani haikuwahi kuijua, majani mapana ya kijani kinachong'aa. Sasa watu wakasimama kwangu. Mwanamke mmoja akasema, "Huu umeushinda ule," nami nikasema, "Aa, wapi," kwa sauti ya kutosha kufika ng'ambo.

Jirani akaja. Akasimama, akachuma jani moja, akalifikicha kwa vidole, akanusa.

"Ua wako umenenepa," akasema.

"Alhamdulillahi."

"Punguza maji, Mama Salha."

Wacha niseme nilivyofikiri, maana yeyote wa mtaani kwetu angefikiri vivyo hivyo. Mwenye ua mzuri kaja kwenye ua uliomshinda, hakusema mashaallah, kang'oa jani, kisha ananiambia niunyime maji. Kwetu huo si ushauri, hiyo ni husuda. Alipoondoka nilisoma nilichokijua, nikafukiza ubani kuanzia barabarani mpaka mlangoni, na jioni nikaongeza ndoo. Kila alipopita akautazama ua wangu, mimi nilifukiza. Mume wangu akalalamika kwamba watu wanamuuliza mgonjwa anaendeleaje.

Salha alipoposwa na kijana wa Kendwa, mfanyakazi wa hoteli huko huko kwao, nilitangaza mapema kwamba hina ni yangu. Jirani alisikia, akasema inshaallah. Nilichuma mwenyewe, nikaanika, nikatwanga, nikachekecha kwa mtandio mpya, nikaikanda kwa ndimu. Mtia hina alikuja baada ya adhuhuri. Salha amekaa juu ya mkeka, Somo wake yuko ubavuni, mimi naingia na kutoka na chai, nimejaa raha mpaka shingoni. Maua yakachorwa kuanzia vidoleni mpaka viwikoni, na akaachiwa ikae mpaka asubuhi.

Asubuhi walipoibandua, mikono ya mwanangu ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Mahali pengine haikuonekana kabisa. Shangazi wa bwana harusi, aliyekuja kutazama, akainua nyusi. Mimi nimesimama mlangoni na sinia la vitumbua, natamani ardhi ipasuke.

Jirani akamshika Salha kiganja, akakigeuza kwenye mwanga. Akasema, watu wote wakasikia, "Mwili wa mtoto huyu haushiki haraka, tangu mdogo. Hina ya mama yake nzuri, inataka kurudiwa tu." Akatoka, akarudi na bakuli, akasema ni ile ile iliyobaki jikoni kwangu. Yeye na mimi tulijua kwamba jikoni kwangu hakikubaki hata kijiko. Akampaka upya kwa mkono wake, juu ya michoro ile ile, kwa kijiti cha kiberiti, na macho yake yale mabovu, bila ya kutoka nje ya mstari hata mara moja. Ilipobanduliwa alasiri ilikuwa nyeusi. Shangazi wa bwana harusi akanishika mabega akaniambia hina yangu haina mfano, nami nikasema ahsante.

Anayedhani kwamba hapo ningempenda Jirani, hanijui. Aliponisitiri ndipo aliponimaliza. Sasa hata sifa niliyopewa ilikuwa yake, na sikuwa na namna ya kuirudisha. Na Salha alijua. Wakati anapakwa mara ya pili niliwaona wawili wale wakitazamana, wamebana midomo, wanazuia kicheko. Kisha Salha akaniinulia mikono yake, akaniambia, "Mama, hina yako imependeza," kwa sauti ya mtoto mwema.

Baada ya harusi nilidhani mambo yamekwisha. Yuko Kendwa, mbali na Jirani kama alivyo mbali na mimi, tumetoka sare. Akija kutusalimia alianzia kwangu, kama inavyopasa, akanywa chai, kisha akavuka. Kwangu alikaa kwenye kiti. Kwa Jirani nilimwona kutoka dirishani, amelala juu ya jamvi lile la hina, kichwa kiko mapajani mwa Somo wake, na sikusikia wanachosema.

Jirani sasa magoti yamemkataa. Mwaka huu, masika yalipokwisha, ua wake ukaanza kutoa vichwa, na mkasi sikuusikia. Nilijaribu kufurahi. Kisha nikaona watu wanapita bila ya kusimama, wala kwake wala kwangu, nikakasirika nisijue nakasirika kwa niaba ya nani. Nikavuka.

Alikuwa uwani kwenye kiti cha plastiki, miguu ameiweka juu ya ndoo iliyogeuzwa. "Shikamoo, Jirani," nikasema. Akaitikia huku ananitazama, na kutazamwa naye usoni sikukuzoea. Mkasi ulikuwa kwenye kitambaa chake, kando yake. Akaufungua, akanipa, na mimi sikuwa nimeomba.

"Anza chini," alisema. "Ukianza juu utajisifu, utachoka, chini utapaacha."

Nikakata. Alinisumbua kutoka kwenye kiti chake, hapo umeingia sana, hapo umeogopa, kata juu ya majani mawili usiache kijiti uchi. Jasho likanitoka. Na nilikuwa na furaha, nasema kweli, kwa sababu Salha hakupewa kuushika mkasi ule hata siku moja.

Simu ya Jirani ikalia mapajani mwake. Kwenye kioo ikatokea picha ya mwanangu, mtandio umemteleza, anacheka mpaka macho yamefumba. Mimi sina picha ya Salha anayecheka hivyo. Jirani akaigeuza simu kifudifudi, ikalia mpaka ikanyamaza.

"Si upokee," nikamwambia.

"Ntampigia."

"Anakupigia kila siku?"

"Siku hizi, ndiyo."

Nikashusha mkasi. "Ana nini?"

"Muulize mwenyewe."

"Nakuuliza wewe."

"Mimi somo wake, Mama Salha. Linalofika kwangu halitoki."

"Mimi ni mama yake."

"Ndiyo maana hakwambii. Anaogopa kukuumiza." Akayapapasa magoti yake yote mawili, taratibu. "Mimi haogopi kuniumiza."

Yeye akaendelea, bila ya ukali, kama anavyosema habari za mhina. "Unadhani alikuwa akija hapa kucheka? Alikuwa akija kulia. Kicheko mwisho, akishamaliza. Wewe ukirudi ndicho unachokisikia."

"Alikuwa akilia nini?"

"Mambo ya skuli. Mambo ya watoto wenziwe. Siku nyengine wewe."

"Nilimfanya nini mimi?"

"Hukumfanya kitu. Kila mtoto ana siku ya kumsema mama yake, anataka pa kumsemea tu."

Nikamrudishia mkasi. Ua ulikuwa umekatika nusu, kuanzia uwani mpaka penye njia ya Salha, na nusu ya barabarani bado ina vichwa. Akasema nitamaliza kesho, nikasema inshaallah, nikarudi kwangu kwa kuzunguka mbele. Nikakaa kitandani kwenye chumba kilichokuwa cha Salha, nikampigia. Alipokea papo hapo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo, mama."

"Mumeo?"

"Hajambo, yuko kazini. Anakusalimu."

Sauti yake ilikuwa shwari kabisa. Ningekuwa sikutoka kule ng'ambo, ningekata simu nimeridhika, kama nilivyoridhika miaka yote.

"Salha," nikasema, "niambie jambo baya."

Akacheka kidogo. "Baya gani tena, mama?"

"Lolote. Lililokuudhi. Hata kama ni mimi."

Nikasikia anavuta pumzi, nikaikandamiza simu sikioni mpaka kipuli kikaniuma, nikangoja.

"Sina baya, mama," akasema. "Kila kitu kizuri. Usiwe na wasiwasi."

Nikamwambia alhamdulillahi. Akaniombea dua, akanitaka nimsalimie baba yake, na akangoja mimi nikate kwanza, kwa heshima, kama anavyofanya siku zote. Nikakata. Nilikuwa bado nimekaa pale pale, simu iko mkononi, niliposikia ya Jirani inalia upande wa pili wa ua, na safari hii ikapokelewa.